Hakuna Pori Lisilo na Mwenyewe



Kuna neno moja dogo ambalo limetunyang'anya udongo mwingi kuliko bunduki. Neno hilo ni "tupu". Inchi tupu, pori tupu, mlima mtupu. Mtu anayetaka kukamata shamba la mwenzake sherti kwanza aseme kwamba halina mwenyewe. Akiisha kusema hivyo mbele ya karani, na karani akiisha kuandika, kazi inayobaki ni nyepesi: kupiga muhuri. Leo tunataka kusema juu ya neno hili, na juu ya vijiji vyetu vidogo vya Haut-Katanga na Lualaba, vyenye nyumba ishirini ao thelathini, vinavyokaa katikati ya pori linaloitwa tupu.

Wengi wanafikiri kwamba neno lile lilikufa siku ya uhuru. Halikufa. Lilibadilisha nguo tu. Tufuate njia yake toka mwanzo.

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, ilitangaza kwamba inchi zisizokaliwa ni mali ya serikali. Leopold mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja. Basi nani alipita katika mapori yetu kuuliza wenyeji? Hapana mtu. Kwa macho ya sheria ile, udongo wa mtu mweusi ulikuwa ule uliokuwa chini ya nyumba yake na chini ya jembe lake. Mto alimovua, miti alimotundika mizinga, bonde alimolima mwaka uliopita, vyote viliandikwa: tupu.

Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga ili isimamie udongo wa Katanga. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1910 gari la moshi likafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwaka 1939 wakachora Hifadhi ya Upemba, na uwindaji wa babu ukageuka kosa la mjukuu. Hatusemi kwamba kulinda wanyama ni kubaya. Tunasema kwamba waliochora mipaka hawakukaa kwanza chini pamoja na wale waliokuwa wakila, wakizika na kuzaa ndani yake.

Halafu ikafika tarehe 30 Juni 1960. Bendera ikashuka, nyingine ikapanda. Tarehe 7 Juni 1966 sheria inayoitwa ya Bakajika ikarudisha kwa serikali ya Kongo haki zote za udongo na madini ambazo wakoloni walikuwa wamegawia makompani. Watu walifurahi, na walikuwa na haki kufurahi. Lakini tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria ingine juu ya udongo, nayo ikasema kwamba udongo wote ni mali ya serikali peke yake. Je, mtu wa mugini? Sheria ile haikumsahau kabisa. Ilisema kwamba udongo wa vijiji ni ule ambao watu wanakaa, wanalima, ao wanatumia kwa namna yoyote kufuata desturi yao. Na ikaahidi kwamba amri ya Raisi itakuja kupanga haki zao juu ya udongo ule. Zaidi ya miaka 40 ikapita bila amri ile kutoka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule akawa babu akingali anangojea karatasi.

Tukamate vizuri maneno yale: "kwa namna yoyote". Ndiyo maneno yenye kutusaidia kuliko yote katika sheria ile, na watu wa mugini wengi hawajayasikia.

Sasa tuulize: kuna nini ndani ya pori tupu?

Kuna dembo. Mgeni akipita pale wakati wa mvua anaona majani marefu na matope, anatikisa kichwa na kusema: mahali pa bure. Lakini dembo linashika maji ya mvua kama nguo iliyolowa, na linayatoa polepole kwa kijito muda wote wa kiangazi. Katika mwezi wa 8, wakati udongo wa juu umekuwa mgumu kama tofali, wanabibi wanalima mboga kando ya dembo, na mboga zile ndizo zinazofuata bukari katika sahani ya nyumba nyingi. Ukifunga dembo kwa takataka za mgodi, usishangae kijito kikikauka mahali pa mbali ambapo hakuna aliyeandika jina lake.

Kuna miti. Pori letu ni pori la miombo, lenye majani mapya mekundu yanayotoka kabla ya mvua ya kwanza kunyesha. Chini ya miti hiyo kunatoka uyoga wa namna nyingi. Uyoga ule hauoti pale kwa bahati: nyuzi zake zinaishi pamoja na mizizi ya miti, huyu anamlisha yule. Kata miti yote, na uyoga ule unakwisha. Juu ya majani kuna vinkubala, chakula chenye nguvu sawa na nyama, ambacho mama wa mugini anauza akalipa masomo ya mtoto. Kuna asali, kuna dawa, kuna fito za kujengea. Hakuna mtu aliyepanda vitu hivi kwa mkono, lakini vina wenyewe. Uliza wazee, watakuambia nani alikuwa akikataza moto mahali pa vinkubala, na siku gani ruhusa ilitolewa ya kwenda kuokota.

Kuna shamba lililolala. Hili ndilo linalodanganya wageni kuliko yote. Mlimaji anafyeka, analima miaka michache, halafu anaacha udongo upumzike. Visiki visipong'olewa, miti inachipuka tena kutoka katika mizizi ya zamani. Baada ya miaka mingi anarudi yeye ao mtoto wake. Mpimaji wa mjini akifika katikati ya miaka ile anaona vichaka, anaandika: halitumiki. Mtu aliyelala usingizi nyumbani mwake, je, nyumba yake ni tupu?

Kuna vichuguu vikubwa, virefu kupita nyumba. Mlimaji anachukua udongo wake kunenepesha shamba, na fundi anachukua kufinyanga matofali. Kuna makaburi ya wazee, na miti ambayo chini yake hapana mtu anakata kuni.

Na kuna milima mitupu. Ndugu, hapa ni mahali pa kucheka kidogo. Katika Katanga yetu kuna milima isiyo na miti, yenye majani na maua tu, kwa sababu shaba iliyo katika udongo inakataza miti kuota. Kuna ua moja ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na watu wengine wanaliita ua la shaba, maana linaota mahali ambapo udongo una shaba nyingi. Mababu zetu waliyeyusha shaba karne nyingi mbele ya Wazungu kufika. Wazungu walipokuja kutafuta shaba, walifuata mashimo ya wazee wetu na milima ile isiyo na miti. Basi mlima uliokuwa mtupu kabisa ndio uliokuwa tajiri kuliko yote. Na maua yale, mengine hayaoti mahali pengine popote duniani. Mlima ukiisha kuchimbwa, nayo yamekwisha.

Kama mtu anasema kwamba zamani hapakuwa na watu hapa, aende kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga. Waliwakuta watu wamezikwa na vyungu vizuri na vitu vya shaba, na katika makaburi mengine misalaba midogo ya shaba, ile iliyokuwa feza ya wazee wetu. Watu wamekaa katika bonde lile zaidi ya miaka 1000, wakivua samaki wale wale. Hata leo kuna wavuvi wa Kisale wanaojenga nyumba juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Huwezi kupata karatasi ya umilikaji ya kisiwa kinachoelea. Lakini nani atathubutu kusema kwamba hakina mwenyewe?

Sasa tuseme namna neno "tupu" linavyofanya kazi leo. Mimi ni karani wa mgodi; kazi yangu ni karatasi, na ninasema niliyoyaona. Sheria ya migodi inakata inchi yote katika miraba. Mraba mmoja ni karibu hekta 85. Mwenye kuomba ruhusa ya kutafuta ao kuchimba anaomba miraba. Katika karta ile mistari ni myembamba na mizuri. Hakuna kisima, hakuna dembo, hakuna mti wa vinkubala. Mara nyingi hata kijiji chenyewe hakimo, ao kimo kwa jina lililoandikwa vibaya, ao kimewekwa ng'ambo isiyo yake ya mto.

Halafu kinafika kipindi cha kuhesabu vitu vya kulipa. Nimekwisha kunakili orodha za namna hiyo kwa mkono wangu. Nyumba: moja. Miembe: mitatu. Shamba la mihogo: urefu kadha, upana kadha. Bei inaandikwa pembeni. Mlimaji anatia kidole, anapewa franka. Katika orodha nilizoziona hapakuwa na mstari wa shamba lililolala. Hapakuwa na mstari wa uyoga, wala wa kijito, wala wa njia fupi ya kwenda shuleni. Vitu ambavyo mama alikuwa akiviokota kila mwaka, bila kununua, haviingii katika jumla. Ndiyo sababu mtu anapokea feza zinazoonekana nyingi mwezi wa kwanza, na mwaka wa pili yeye ni maskini kuliko alivyokuwa. Hakuibiwa katika kujumlisha. Aliibiwa katika kile kisichoandikwa.

Hesabu hii isiyo sawa si ya leo. Mwaka 1930 walifunga mto Lufira pale Mwadingusha ili migodi ipate umeme, na maji yakafunika bonde. Lile ziwa tunaloliita leo Tshangalele ni matunda ya kazi ile. Wavuvi wamejifunza kuishi nalo, na samaki wake wanaliwa Likasi na Lubumbashi. Lakini toka wakati ule mpaka leo umeme umejua njia ya mgodi kuliko njia ya kijiji. Mwaka 1982 ilimalizika nyaya ndefu ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700. Inapita juu ya vijiji vingi ambamo mtoto anasoma kwa taa ya mafuta, kwa sababu nyaya ile ilijengwa kwa kupeleka umeme kwenye shaba, haikujengwa kwa kuutelemsha njiani.

Ndugu zetu wengine watajibu: "Wewe karani, unakula mshahara wa mgodi, halafu unasema mabaya ya mgodi?" Jibu letu ni fupi. Hatutaki migodi ifungwe. Inchi yetu inahitaji shaba na kobalti, na watoto wetu wanahitaji kazi. Lakini shaba inakwisha. Kila shimo lina siku yake ya mwisho, na karani wa mgodi anajua jambo hilo kuliko wengine, maana ndiye anayeandika tani zinazobaki. Dembo haliishi kama halikuharibiwa. Pori la miombo linaota tena kama visiki vimeachwa. Mtu mwenye akili hauzi ng'ombe wa maziwa ili anunue nyama ya siku moja.

Wengine watasema: "Vijiji vidogo vimepitwa na wakati. Watu waje mjini, wapate shule na hospitali." Tunawauliza: mjini watakula nini? Bunga la bukari linatoka wapi? Samaki, vinkubala, uyoga, asali vinatoka wapi? Makala yanayopika chungu cha Lubumbashi yanatoka wapi? Mji ni mtoto anayenyonya, na kijiji ndicho mama. Kama kijiji hakina shule, dawa ya ugonjwa huo ni kujenga shule.

Lakini penye ukweli tusifiche. Si wageni peke yao wanaomaliza pori. Kila asubuhi tunaona vijana wakisukuma kinga zilizobeba magunia ya makala marefu kuliko wao wenyewe. Wanatoka mbali, na kila mwaka wanatoka mbali zaidi, kwa sababu pori la karibu limekwisha. Hatuwalaumu kwa kutafuta chakula. Sisi wa mjini ndio tunaonunua. Lakini anayekata miti yote mpaka mizizi, na anayewasha moto mwisho wa kiangazi wakati majani yamekauka sana na moto unaua hata chipukizi, anasaidia neno "tupu" lifanye kazi yake. Anaondoa ushahidi.

Na wako mashefu wanaotia sahihi usiku. Gari linafika, kuna pombe, kuna bahasha, kuna karatasi ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeisoma. Asubuhi kijiji kinasikia kwamba mlima umekwenda. Shefu wa namna hiyo anajiita mwenye inchi. Wazee walituambia maneno mengine: shefu ni mlinzi wa udongo kwa ajili ya waliokufa, wanaoishi na watakaozaliwa. Mlinzi hauzi kitu anacholinda.

Tufanye nini basi? Kulia hakuleti kitu. Kuna sheria ambazo zinaweza kutusaidia, lakini sheria ni kama shoka: likilala nyumbani halikati kuni.

Ya kwanza. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilisema kwamba bila ruhusa ya mwenyeji, mwenye kibali cha mgodi hana haki kukamata udongo ulio karibu ya mita 180 toka nyumba, wala karibu ya mita 45 toka shamba lililolimwa. Pima kwa hatua zako.

Ya pili. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 ilisahihisha ile ya 2002. Inasema kwamba katika ushuru wa madini, 15 kwa mia ni fungu la mji, la sekta ao la utawala wa shefu mahali ambapo mgodi upo. Tena kompani sherti itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wenyeji, na iandikiane nao mapatano juu ya kazi atakazofanya. Mtu wa mugini ana haki kuuliza mbele ya wote: fungu letu ni ngapi, limefika lini, limejenga nini?

Ya tatu. Sheria ya misitu ya mwaka 2002, pamoja na amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inaruhusu kijiji kuomba msitu wake kwa jina la wenyeji wote. Msitu unaweza kufika hekta 50.000. Hautolewi kwa miaka 5 ao 25: unatolewa kwa siku zote, na bila kununua. Anayetia sahihi ni Gavana wa jimbo. Kwa maoni yetu, toka 1885 hakuna karatasi ya serikali iliyokaribia hivi kukiri kwamba pori lina wenyewe.

Lakini haki hizi zote zinaomba kitu kimoja: kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunaomba kila kijiji kifanye kazi hii mbele ya mvua ya kwanza. Kusanyeni wazee, wanabibi na vijana. Wazee wanajua mipaka. Wanabibi wanajua visima, uyoga na dembo, na mara nyingi wanaume hawajui hata nusu ya wanayoyajua. Vijana wanajua kuandika. Tembeeni mpaka wote kwa miguu, siku mbili ao tatu. Alikeni kijiji cha jirani watembee pamoja nanyi, ili kesho tusipigane ndugu kwa ndugu. Andikeni kila kitu: mto huu jina lake ni hili, shamba hili limelala toka mwaka fulani na la watu fulani, miti hii ni ya vinkubala, hapa wamelala wazee. Choreni karta, hata kwa kalamu ya risasi. Wote watie sahihi. Fanyeni nakala tatu: moja ikae kwa shefu, moja kwa mwalimu wa shule, moja ipelekwe ofisi ya teritwari na irudi na muhuri wa kupokelewa. Na mapatano yote yasainiwe mchana, mbele ya kijiji kizima, baada ya kusomwa kwa lugha ambayo mama mzee anaisikia.

Kwa makarani wenzangu, walimu, manesi, sisi tuliofundishwa kalamu shuleni, nina neno. Wazazi wetu walikuza mihogo na kuvua samaki ili sisi tushike kalamu. Likizo inayokuja, badala ya kwenda mugini kuonyesha viatu vipya tu, twende na daftari. Siku mbili za kazi yetu zinaweza kulinda bonde kwa miaka mia.

Uhuru wa mwaka 1960 ulitupa bendera na wimbo. Ni vitu vikubwa, na watu walikufa kwa ajili yake. Lakini mtu ambaye asubuhi moja anaweza kuambiwa kwamba kisima cha mama yake ni mraba wa mtu mwingine, huyo uhuru haujafika mlangoni pake. Ungali njiani. Twende tukaupokee, kila mmoja na daftari mkononi.

Karani mmoja wa mgodi